Baba Alitoka Dukani Bila Kugeuka

Juma lililopita nilimpoteza mume wangu ndani ya duka moja kubwa la Ukunda. Tulikwenda kununua shuka. Mimi nikasimama kuzipapasa, na nilipoinua macho, bwana keshalipa, keshatoka, wala hajui kama siko naye. Nina wajukuu, nina simu mkobani, lakini sikumpigia. Nikaganda pale pale kwenye shuka, nisisogee hata hatua. Usinicheke, ngoja kwanza nikueleze.

Ilikuwa msimu wa Uhuru, mimi ningali mtoto mdogo, na kila mwanamke wa Msambweni alitaka leso mpya ya sherehe. Kwa kawaida nilifuatana na nyanya, mama yake baba. Nyanya alianzia duka la kwanza: akikisugua kitambaa kujua kama ni wanga mtupu, akisomewa maneno ya leso maana yeye hakujua kusoma, akiuliza bei, akishika kifua, akiondoka zake. Tukayapita maduka yote hadi mwisho wa mtaa, tukinuswa na kila mbuzi, kisha tukarudi lile la kwanza, na hapo ndipo anunue. "Ukinipotea, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "rudi duka la kwanza ukae. Nitakuja tu."

Siku moja goti lilimvimba, akamtuma baba aende nami. Baba alinunua vitu kama mtu anayekimbia mvua.

"Nipe leso," alimwambia mwenye duka la kwanza.

"Ya rangi gani, bwana?"

"Leso."

Akapewa iliyokuwa juu ya rundo, akalipa alichoambiwa, akatoka. Kwa wanaume wa kwetu kuvutana bei ilikuwa aibu, na kugeuka nyuma njiani vilevile. Mtoto hufuata, basi. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya marundo, nasugua kitambaa kama nilivyofundishwa. Nilipotokeza, baba hayupo.

Nilikimbilia mlangoni. Mtaa umejaa watu, hakuna ninayemjua. Nikakumbuka maneno ya nyanya, nikarudi ndani kukaa juu ya gunia la chumvi.

Na siku zile, rafiki yangu, tulikuwa na mumiani. Watu wazima walinong'ona kwamba wapo watu wanaopita na gari, wanawachukua watoto na kuwatoa damu ikatengenezwe dawa. Mwenye duka, maskini, alinipa kipande cha sukari guru. Nikakikataa. Nilijua ndivyo wanavyoanza. Ilipoadhiniwa adhuhuri akanitoa kibarazani kwa upole, akafunga milango, akaenda kusali. Mtaa ukawa mtupu.

Gari likaja likasimama mbele yangu. Akashuka mtu mwenye suruali ndefu na mkoba mweusi.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilitaka kukimbia, lakini nikikimbia, nyanya atanikuta wapi? Nikang'ang'ania nguzo ya baraza, nikajikojolea, nikafumba macho ningoje sindano.

Badala yake nikasikia kengele ya baiskeli na sauti ninayoijua: "Ni wangu huyo! Wangu!"

Nyanya alikuwa amepakiwa nyuma, mguu mbovu umenyooshwa kando, na baba anakanyaga pedali huku jasho linamchuruzika. Kumbe alifika nyumbani, akamwekea mama yake leso mapajani, na nyanya hakuitazama. Aliuliza tu, "Na mtoto?" Ndipo baba alipogeuka nyuma.

Yule wa gari alikuwa daktari wa mifugo, anauliza njia. Nyanya alinikumbatia na mkojo wangu, akalia, nami nikalia kwa nguvu zote. Baba alisimama kando, baiskeli imemwangukia miguuni wala haiinui. Sijapata kumwona mtu mzima akiogopa namna ile.

Mwenye duka aliporudi, nyanya alijifuta machozi, akaikunjua leso, akataka asomewe. Iliandikwa: "Nimekuchoka, nenda kwako." Baba, aliyejua kusoma, alimletea mama yake mzazi hiyo! Nyanya akachagua nyingine, akaivuta bei na mwenye duka hadi alasiri, na baba hakuthubutu kukohoa.

Tangu siku ile, baba hakutoka duka lolote bila kugeuka mlangoni. Wenzake walimtania kwamba amejifunza kununua kike. Hata nilipokuwa mama wa watoto, yeye na mkongojo wake, alisimama kizingitini akageuza shingo taratibu mpaka nimwambie, "Nipo, baba." Ndipo atoke.

Duka lile sasa ni ofisi ya kutuma pesa kwa simu. Nyanya alitangulia zamani, na baba akamfuata.

Mume wangu alirudi hatimaye, anacheka. "Ulikuwa wapi wewe?" Tuliondoka, yeye mbele na mfuko wake. Nilipofika mlangoni nilisema polepole, "Nipo, baba." Hakuna aliyegeuka.