Sukari ya Mwezi Usio na Ajali

Mimi sikuiamini sukari ile tangu siku ya kwanza. Nilisema mbele ya watu wote wa karakana kwamba Mzungu hatoi kitu bure, na wote wakanicheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika chuo kimoja cha ufundi nje kidogo ya Kisumu. Ukisimama mlangoni mwa karakana ya useremala uliliona ziwa lote chini. Kazi yangu ilikuwa kutunza vifaa: patasi, randa, misumeno, gundi. Ufunguo wa stoo niliuvaa shingoni hata nikilala, kwa sababu nilimshuku kila mtu, na sioni haya kusema hivyo. Patasi haina miguu, na bado zilikuwa zikiondoka.

Msimamizi mpya wa chuo, Mzungu, alikuwa amechoshwa na ajali zetu. Haikupita wiki bila mtu kujikata au kupondwa kidole. Basi akatukusanya akatangaza kwamba kila ajali iripotiwe kwake siku hiyo hiyo, na mwezi ukiisha bila ajali hata moja, karakana itapewa gunia la sukari kutoka duka la Muhindi mjini, tugawane. Watu wakapiga makofi. Mwezi ule ule ajali zikatoweka.

Vidonda havikutoweka. Nilimwona mmoja amefunga gumba kwa kitambaa, akasema amechomwa na mwiba wa mumi akimpasua samaki huyo kwa ajili ya chakula cha jioni. Mwingine alichechemea, akasema jembe limemwangukia mguuni shambani kwao Ahero. Ghafla kila mtu alikuwa anaumia kwao, hakuna anayeumia kazini.

"Siku hizi nyumbani ndio kwenye vita, na hapa ndio pa kupumzika?" niliwauliza.

Wakaniambia nifunge mdomo, sukari inakuja. Ikaja kweli. Wake zetu walipanga foleni na makarai, wangu akiwa mbele, na chai ya mwezi ule niliinywa kama wengine, ila kwa wasiwasi.

Fundi wa msumeno wa mashine alikuwa rafiki yangu, mtu wa Seme, upande wa Kombewa, mwili mkubwa na roho ya upole. Kila asubuhi alizunguka karakana nzima akimpa kila mtu mkono kabla ya kugusa kazi. Jumatatu moja alifika kwangu akaninyooshea kifundo cha mkono, kiganja amekificha ndani ya koti.

Mtu akikupa kifundo, anakuambia mkono wake ni mchafu. Ni heshima, na sisi watu wa gundi na grisi tulisalimiana hivyo kutwa nzima. Lakini hii ilikuwa asubuhi. Mtu ametoka kwake, ananukia sabuni. Uchafu gani huo?

"Omera, ndugu yangu, mkono iko wapi?"

"Iko na grisi. Nilikuwa natengeneza baiskeli."

Kesho yake, kifundo tena. Baiskeli gani hiyo isiyopona? Saa ya chakula tulipoizunguka sinia ya ugali, yeye alikaa peke yake kwenye mbao, akasema tumbo linamsumbua. Hapo damu ilinichemka. Kwetu mtu akikataa kula nawe sinia moja, ama ana ugomvi nawe ama anaogopa utamtilia kitu. Ugomvi hatukuwa nao. Usiku nilijigeuza kitandani nikijiuliza ni nani aliyemwambia mimi ni mchawi, au kama kuna anayemtumia ili nipokonywe ufunguo.

Siku iliyofuata nilimwita stoo, nikajifanya nina msumeno mpya wa kumwonyesha, nikafunga mlango.

"Wewe unaniogopa? Nimekuwa mchawi tangu lini?"

"Wacha, bwana."

Nikamshika mkono wa koti nikauvuta. Lile jitu la mtu likalia kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Ndani kulikuwa na kitambaa, na harufu iliyonirudisha nyuma. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na mkono wote umevimba hadi kwenye kiwiko. Msumeno ulikuwa umempitia wiki iliyotangulia. Kikinga cha msumeno huo, kile kinachozuia vidole visifike kwenye meno, tulikuwa tumekifungua kitambo ili mbao nene zipite haraka, na hakuna aliyekirudisha.

"Usiseme," alininong'oneza. "Mwezi inaisha. Watu wote wanangojea sukari. Mimi ndio nitawanyima?"

"Na mkono?"

"Itapona. Mama watoto anaweka dawa."

Nilikasirika. Mtu yuko tayari kuoza ili wenzake wanywe chai tamu! Nikafungua mlango, na wenzetu walikuwa wamesimama pale nje. Mmoja wao, mchemsha gundi wetu, alinizuia kwa kifua.

"Unaenda ofisi? Sasa umekuwa kibaraka?"

Miaka ile ya Hali ya Hatari, neno hilo halikuwa la utani; watu waliuawa kwa kuitwa hivyo. Nilimsukuma nikapita. Nikamweleza msimamizi yote, na aliponiuliza kwa nini mtu huyo hakuripoti, nilimjibu kwamba ni kwa sababu ya sukari yake. Akawa mwekundu, akanitazama kana kwamba ninapanga mgomo. Hata hivyo lori lilimpeleka fundi hospitali saa ile ile, na kikinga kilirudishwa kabla ya jioni. Daktari alikata vidole viwili. Alisema wangechelewa kidogo tu, angekata mkono mzima.

Mwezi ule hatukupata sukari. Msimamizi alisema ataona mwezi ujao. Hakuna aliyekaa nami tena kwenye sinia, na mtu akinimiminia chai niliimwaga nyuma ya stoo, maana sasa mimi ndiye niliyeogopa.

Mwezi uliofuata, siku fundi aliporudi, kila mtu aliweka kifaa chini. Wote walingoja kuona kama atanisalimu. Alianzia mlangoni, mtu baada ya mtu, akiwapa ule mkono wenye vidole vitatu bila kuuficha. Wengine waliushika kwa ncha za vidole. Alipofika kwa mchemsha gundi, huyo akamnyooshea kifundo.

"Iko na gundi," akasema.

Jiko la gundi lilikuwa halijawashwa.

"Fungua," fundi akasema.

Mchemsha gundi aliangalia chini. Kisha akafungua kiganja. Kilikuwa kimeungua chote, ngozi imetoka, na kimepakwa majivu.

Fundi alimshika kwa kile kifundo alichopewa, akamtoa nje, akampeleka ofisini yeye mwenyewe. Sukari ya mwezi huo nayo tukaikosa, na safari hii hakuna aliyeita mtu kibaraka.

Baadaye fundi akarudi, akaja moja kwa moja kwangu, akanipa mkono na kuukamua wangu hadi nikasikia mahali palipokosa vidole. Nilimpenda sana mtu yule saa ile.

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni.

"Lete na hiyo," nikamwambia.

Akacheka, akautoa, akaugeuza mbele ya macho yangu, kiganja juu, na mimi nikauangalia kidole kwa kidole.