Hodi ya Baba Isack

Adelard wa Goba, tuliyezoea kumwita Baba Isack, alitaka jumuiya yetu imchague kuongoza ziara ya Zanzibar. Kwa hiyo alitupeleka kwanza kwenye magofu ya msikiti wa kale wa Kunduchi, atufundishe adabu za mahali patakatifu. Mbele ya ukuta wa mawe alivua viatu, akainama, akanong'ona, "Hodi." Nasi tukavua.

Aliyejibu kutoka ndani ni Noela, mwenzetu aliyetangulia. "Subirini, kuna mtu." Akatoka akifunga kanga. "Baba Isack, msikiti uko kule. Nyie mmekivulia viatu choo?"

Baba Isack alivaa viatu vyake polepole. "Nilitaka nione kama mnafuata maelekezo," alisema, "na mmefuata."

Jumapili tulimchagua. Mimi mwenye shahada, ninayesita hata kumjibu mtoto nisije nikakosea, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.