Jaribio la Tatu la Jantina

Matokeo yalimfikia Jantina Hofstee kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, watoto wa darasa la tano wakila mikate yao yenye punje za chokoleti. Mtihani wa lugha wa chuo cha ualimu hufanywa mara tatu tu. Hii ilikuwa ya tatu, na alikuwa ameanguka. Alisoma, akalaza simu kifudifudi, kisha akamfungulia Sietse maziwa yake.

"Mwalimu, mbona umepoa hivyo?" Sietse akauliza.

"Kula, acha maneno."

"Kaachwa na mchumba," jirani yake akanong'ona, kwa sauti iliyofika hadi dirishani.

Jantina hakucheka wala hakukasirika. Alifuta makombo mezani.

Alikuwa hapo kwa mazoezi ya kufundisha, chini ya Mwalimu Froukje. Tangu utotoni hakuwahi kutaka kazi nyingine, wala shule nyingine. Ndiyo shule pekee ya serikali katika kijiji chao cha kaskazini mwa Uholanzi, naye alisoma humo humo. Alipofika darasa la saba, walimu hawakupatikana. Ijumaa shule ilifungwa, na siku nyingine aliingia yeyote aliyekuwa na nafasi, mara mama wa mwanafunzi, mara msimamizi wa jengo, aliyewafundisha kucheza karata. Uchanganuzi wa sentensi uliahirishwa mpaka wakahitimu. Huko sekondari walimu wakadhani wameshafundishwa. Jantina akazoea kukisia, na kwa miaka mingi alikisia vizuri.

Watoto walipotoka kucheza, alimwendea mwalimu mkuu, Wubbo Dijkema, ambaye hata mwaka ule wa kukosa walimu ndiye aliyekuwa mkuu.

"Nimeanguka, Mwalimu. Chuo kinanitoa."

Wubbo aliacha kukoroga kahawa. "Pole, binti yangu. Wewe hatukukufundisha. Nalijua hilo."

"Ndiyo."

Wubbo alisukuma kikombe kando.

"Sasa sikia," mzee akasema. "Wiki ijayo Froukje anaanza likizo ya uzazi, na nimetafuta mtu mpaka nimechoka. Ubaki kama msaidizi. Msaidizi haulizwi cheti."

"Nitamsaidia nani?"

Wubbo alitazama mlango. "Utakuwa peke yako."

"Na sarufi?"

"Kuna kitabu cha majibu. Pakikushinda, wasomee hadithi."

"Watatoka kama mimi, Mwalimu."

"Nisipokuweka wewe, nawarudisha nyumbani. Niambie lipi bora, nami nitalifanya."

Jantina alingoja hasira impande, au hata machozi. Hakikuja kitu. Nje watoto walikuwa wakigombania mpira, na Sietse alikuwa akimtukana mtu kwa sentensi ndefu sana.

"Jumatatu nifike saa ngapi?" akauliza.