Mguu wa Kushoto wa Mke wa Dereva

Nchi ilikuwa imetupa majina mapya ya Kizaire. Hospitali ikatupa namba. Kazi yangu, pale Bukavu, ilikuwa kuandika fakture, karatasi za kudai malipo kwa kampuni za wafanyakazi: kila radio, ile picha ya ndani ya mwili, na namba yake, kutoka katika kitabu kilicholetwa toka Kinshasa. Fuvu lilikuwa na namba, kiwiko kilikuwa nayo, hata kidole gumba cha mguu. Titi halikuwamo.

"Andika mapafu," aliamua shefu wangu wa ofisi, akinyoosha kola ya abakosti yake, koti rasmi la wakati ule. "Hii karatasi inaenda kwa Citoyen Directeur wa kampuni. Hauwezi kumutumia titi ya bibi ya mutu."

Mimi nilikuwa nayo mawili, mbele ya macho yake, chini ya blauzi. Nikaandika alivyosema. Mpaka leo najionea haya kwa woga ule.

Jumatano moja akaja mke wa dereva wa kampuni ya chai, ana uvimbe katika titi la kushoto. Daktari mpasuaji, mgeni wetu, alitaka picha yake kabla ya kuondoka Jumamosi. Nikaandika mapafu. Jioni hiyo hiyo kampuni ikarudisha karatasi: mapafu hatulipi mpaka makohozi ya asubuhi tatu yapimwe kifua kikuu. Shefu akampa mama kikopo.

"Dada, sina kikohozi," aliniambia mimi, mkono juu ya titi. "Iko hapa."

"Kohoa tu, maman," shefu akajibu. "Karatasi ndiyo inaomba."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu shefu anayekufichia.

Asubuhi nikamkuta barazani anakohoa kwa bidii, kikopo kikavu, machozi yanamtoka. Hasira zikanipanda. Nikachana ile fakture, nikaandika nyingine: mguu wa kushoto. Mguu haukuulizwa maswali. Mhuri wa kampuni ukagongwa kabla ya saa sita, fundi akapiga picha ile aliyoomba daktari, na Ijumaa mama akapasuliwa.

Baada ya miezi kadhaa ikaja barua ya kampuni: imekuwaje mwenye mguu mbovu ameonekana uwanjani akicheza ngoma za chama tawala? Nikaapa kwamba ni nafuu ya muda, kisha nikamtafuta mama sokoni, nikamweleza.

Tangu siku hiyo, kila alipopita mbele ya ofisi yetu alichechemea, miaka na miaka, ili nisifukuzwe kazi. Mguu wake ulikuwa mzima. Titi ndilo halikuwepo tena, na hilo hatukuliandika popote.