Karatasi Haina Miguu

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekiambia chuo kizima kitakachotokea wiki ijayo. Chuo chetu kiko nje ya mji, njia ya kwendea Kizimbani, na katika ujia wa jengo la utawala pana ubao wenye kioo na kufuli dogo. Ufunguo wake ninao mimi. Mahafali, mitihani ya marudio, siku ya kuchangia damu, kukatika kwa maji katika dahalia ya wanawake, Maulidi, futari ya pamoja, miwani iliyookotwa maktaba, yote yalipita kwanza kwenye vidole vyangu. Wanafunzi waliniita Bi Tangazo, wakidhani sijui.

Nilikuwa mkali kwa kazi ile. Anayetaka tangazo lake lipande ubaoni alilete mapema, asiliandike kwa herufi kubwa tupu kama anayegombana na mtu, wala asinijie na karatasi iliyokunjwa mfukoni pamoja na kachori. Kuna vijana wa timu ya mpira waliwahi kubandika karatasi yao kwa gundi juu ya kioo. Niliwatia ndoo ya maji na kisu mikononi, nikasimama nyuma yao mpaka kioo kikang'ara.

Jambo moja lilikuwa la ajabu, na mimi kwa muda mrefu sikuliona ajabu. Sikuhudhuria chochote nilichokitangaza. Ikifika siku yenyewe nilifunga ofisi, nikarudi zangu Kikwajuni kwa mama. Nilikuwa na sababu, na sababu ile niliilea kama mtoto. Hakuna aliyenialika. Waliniletea maneno niyachape, wakasema ahsante, wakaenda zao, kila mmoja akijiambia kuwa huyu keshajua, ya nini kumwambia tena. Nami nilikuwa nikiungoja huo mdomo wa mtu useme, njoo na wewe. Haukusema, nami sikwenda.

Mama alinijua. Siku ya Maulidi ya chuo alinikuta nimekaa sebuleni nachambua mchele.

"Maulidi yenu si leo?"

"Leo, mama."

"Nawe umealikwa?"

"Nshaandika tangazo lake mwenyewe."

"Sikukuuliza umeandika nini. Nnakuuliza umealikwa?"

Nikainamia ungo.

"Basi chambua mchele," akasema. "Karatasi haina miguu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa miguu ya mtaa. Zamani kwetu mwenye harusi au hitima hakutegemea kadi. Alimtuma mwanamke mwenye adabu na kumbukumbu apite nyumba kwa nyumba, na mara nyingi mwanamke huyo alikuwa mama. Baada ya alasiri alivaa buibui lake, akatia karafuu moja mdomoni, akatoka. Alipiga hodi, akakaa, akauliza hali za waliomo, ndipo akasema, "Nimetumwa nije nikwambie wewe." Nyumba ikiwa na wanawake watano, maneno hayo aliyasema mara tano. Asipomkuta mtu hakuacha salamu kwa jirani, alirudi kesho. Na akishamaliza mitaa yote alirudi kwa aliyemtuma, akampa majibu mlango kwa mlango: huyu atakuja, huyu ana mgonjwa, huyu kanuna lakini atakuja. Chai aliyowekewa hakuigusa mpaka amesema jibu la mwisho. Mwalikaji hamalizi kazi, aliniambia, mpaka amerejesha majibu.

Mama alifariki asubuhi moja ya siku ya kazi, baada ya kuniuliza kama nimechukua mwavuli. Kwenye maziko hapaalikwi mtu, habari hufika yenyewe. Watu wa chuo walikuja basi zima. Walinishika mikono, wakaniambia tuko pamoja, na siku tatu zile nyumba haikuwa na pahala pa kuweka kikombe. Siku ya nne niliosha masinia ya watu, nikayarudisha kwa wenyewe, nikafunga mlango. Ndoa yangu ilikuwa fupi na haikuacha mtoto. Ndugu wa mama waliobaki wako Mkokotoni, wazee wasioweza safari. Ndani palibaki sauti ya friji peke yake, na baada ya wiki mbili nilijikuta naligombeza.

Ikakaribia siku ya arobaini. Nyumbani kwetu hitima ya wanawake husomwa kwa juzuu. Qur'ani imegawanywa vitabu thelathini vyembamba, kila msomaji anachukua kimoja, na watu wakiwa wengi nzima inakuwa imesomwa katika kikao kimoja. Niliazima kasha la juzuu msikitini. Majirani wa zamani wengi wamehama, waliobaki wangeweza kuenea kwenye mkeka mmoja. Lakini wanawake wa chuo peke yao wanazidi thelathini, na nilitaka sana waje. Mtu aliyealikia watu maisha yake yote nilitaka naye asomewe na nyumba iliyojaa. Na kusema kweli nilitaka nijue kama nina watu.

Kwa hivyo nikafanya kazi ninayoijua. Nikaandika: "Watumishi wanawake wote mnaarifiwa kuwa kutakuwa na hitima ya kumrehemu mama wa mtumishi mwenzetu, Jumapili hii baada ya sala ya alasiri, Kikwajuni. Wote mnakaribishwa." Nilijiita mtumishi mwenzetu, kama ninayemzungumzia mtu mwengine. Nikalipanga vizuri, nikalitia chini ya kioo baina ya ratiba ya mitihani na habari ya kukatika maji, kisha nikalituma katika kundi letu la simu. Yakaanza kumiminika majibu, Mungu amrehemu, Mungu amrehemu, na vile viganja vilivyokutanishwa. Kila kiganja nilikihesabu kuwa ni mtu anakuja. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi nilijinyoa, nikajikata.

Jumapili ile nilitandika mikeka mpaka ukumbini. Jirani wa ukuta mmoja alinisaidia kupika pilau tangu asubuhi. Baada ya alasiri wakaingia majirani saba, nami wa nane. Tuliwangoja wa chuoni kidogo, kisha tukaanza. Kila kiatu kilichopita nje kilininyanyua macho kwenye kitabu. Tulisoma juzuu mbili mbili, wawili wenye kasi wakasoma tatu, na jua likawa linakwenda. Mmoja alipotoa dua ya kufungia, juzuu kumi na mbili zilikuwa bado ndani ya kasha.

"Hao wa kazini kwako," jirani yangu akauliza, "uliwapitia?"

"Nilitangaza."

Alinitazama, akachukua makawa akayafunika masinia yasiyoguswa. Nililia jikoni, nikiwa nimefungua mfereji ili nisisikike. Zile juzuu kumi na mbili nilizisoma mwenyewe, moja kila siku nikirudi kazini, nimekaa juu ya mikeka ambayo sikuwa na nguvu ya kuikunja. Hitima ya mama niliimalizia peke yangu.

Jumatatu yake niliingia kazini nimeufunga uso. Mtunza maktaba wetu ni mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mwenye magoti mabovu, na ndiye niliyekunywa naye chai ya saa nne miaka yote. Nilimpita bila ya salamu. Akanifuata ngazi zote zile mpaka ofisini, akakaa anatweta.

"Umenipita kama mti. Kuna nini?"

"Hamna kitu, dada."

"Hitima imesomwa salama?"

"Kumbe ulijua kama ipo."

"Niliiona ubaoni."

"Na hukuja."

"Hukunambia," akasema.

Nilimjibu kwamba karatasi ilikaa ukutani wiki nzima, na kwenye simu ilikuwamo, nilitaka nifanye nini tena, nipige ngoma?

"Ukutani pana mambo ya chuo," akasema. "Mie nilikuwa nakungoja. Wiki nzima tumekunywa chai. Umenambia bei ya tungule, umenambia friji lako linapiga kelele, hilo la mama hukunambia. Nikasema basi, labda anataka watu wake tu."

Nilikuwa na jibu, lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Na harusi ya mwanangu? Kadi ulizichapa wewe. Hukuja."

"Hukunambia," nikasema.

Tukatazamana. Neno lilikuwa lile lile, na sote wawili tulilisikia.

Ikabidi nimwambie nililolificha. Katika kadi zile ilikuwamo yenye jina langu, alilolitia yeye katika orodha. Niliichapa mwenyewe, nikaitia kwenye bahasha mwenyewe, kisha nikairudisha kwake katikati ya nyenzake, ili apande nayo ngazi anikabidhi mkononi. Nilingoja siku zote mpaka harusi ikapita. Yeye aliiona kadi baada ya harusi, katika zilizobaki, akafahamu kuwa nimeikataa. Kumrudishia mtu kadi ya harusi ya mwanawe si tusi dogo.

"Nnayo mpaka leo," akasema. "Sikuweza kuichana."

"Na chai ulikuwa unakuja kunywa."

"Ningekwenda kunywa na nani?"

Hilo lilinichoma kuliko yote. Miaka ile nilidhani mpweke katika jengo lile ni mimi. Nilishuka naye polepole, goti kwa goti, nikafungua kufuli la ubao, nikalitoa tangazo la mama. Lilikuwa limeandikwa vizuri, halina hata kosa moja.

Mwaka ulipozunguka, ukafika wakati wa kumsomea tena, sikuandika kitu. Nilivaa buibui la mama, ambalo kwangu ni fupi kidogo, nikatia karafuu mdomoni, nikaanza na maktaba. Nilipiga hodi mlango uliokuwa wazi. Mtunza maktaba alinitazama buibui, akaufunga mdomo wake uliotaka kucheka, akanivutia kiti.

"Nimekuja kukwambia wewe," nikasema. "Jumapili baada ya alasiri, nyumbani, namsomea mama."

"Ntakuja. Magoti yasipotaka, ntayaacha nyumbani."

Kisha nikaingia masjala, chumba kinachopakana na changu, na nikagundua kuwa sijui mgeni hukaa kiti gani. Hao nilikuwa nikisikia vijiko vyao kupitia ukutani kila siku. Niliwaambia mmoja mmoja, kila mtu na "wewe" yake. Mwalimu mmoja wa kompyuta, msichana, alisimama aliponiona mlangoni. "Tangazo langu nimelikosea, Bi?" Nikamwambia hujakosea, nimekuja kukualika. Akakaa, akasimama tena, akasema hakuna mtu aliyepata kumwalika tangu aje kisiwani. Jikoni, dahalia, zahanati, kote nilikwenda. Ambao sikuwakuta niliwarudia kesho yake. Mmoja alikuwa na mama mgonjwa. Mwengine alinuna, akanikumbusha aqiqa ya kuzaliwa kwa mjukuu wake niliyoichapa nisiende. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya watu, na kusema kweli haikuwa rahisi.

Wakaja. Juzuu thelathini ziliishia mikononi kabla watu hawajaisha kuingia, waliochelewa wakasoma Yasini ukumbini wamebanana bega kwa bega. Aliyenuna alikuja, akala, akaomba na ukoko. Qur'ani nzima ilisomwa, na jua bado lilikuwa dirishani. Mtunza maktaba alikuwa wa mwisho kuondoka. Mlangoni, akitafuta kiatu chake kwa mguu, akaniuliza nani alinifundisha kualika namna ile.

"Yule tuliyemsomea," nikamwambia.

Akanishika mkono, akakaa nao kidogo, akaenda zake.

Nilipanga juzuu ndani ya kasha, nikakunja mikeka. Walipokuwapo sikuwa mpweke hata kidogo, na hilo nitalishukuru mpaka nife. Walipokwishaondoka, friji likaanza tena kunguruma. Ilikuwa imebaki kazi moja. Nilikuwa na majibu mengi, ya nani kaja na nani kashindwa na nani kanuna akaja, na katika mji mzima hapakuwa na mtu mwengine ambaye angetaka kuyasikia yote, mlango kwa mlango, bila ya kurukwa hata mmoja.

Nikaingia chumbani kwa mama, ambako kitanda bado nakitandika kila Ijumaa. Nilivaa tena buibui lake, wala sikunywa chai. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, nikaanza na mlango wa kwanza.