Mikayi Aliyejiweka Mwisho

Mwaka dizeli ilipokosekana Magunga, watu wa mteremko unaoelekea bonde la Lambwe waligundua kwamba miongoni mwao amebaki mtu mmoja tu anayejua kumfundisha ng'ombe kuvuta plau. Mtu huyo alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, kiongozi wa akina mama kanisani, na goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki vizuri.

Bathsheba Atieno alizaliwa Karungu, karibu na ziwa, katika nyumba ya mabinti pekee. Baba yake alikuwa na maksai wanne na hakuwa na mtoto wa kiume wa kuwashikia kamba. Majirani walipomwambia kwamba msichana hatangulii ng'ombe wa kulima, aliwajibu, "Basi nileteeni mvulana wenu." Hakuna aliyeleta. Bathsheba alitembea mbele ya maksai hao tangu akiwa mdogo, na alipopata nguvu akahamia nyuma, kwenye mikono ya plau. Alipoolewa Magunga, viganja vyake vilikuwa na sugu ambazo wakwe zake waliziona kuwa aibu ya baba yake.

Mume wake, Wesley Omolo, aliuza ng'ombe wake wa kulima mwaka trekta ya kwanza ilipopanda barabara ile. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Nira zikawa kuni. Kwa zaidi ya miaka thelathini Bathsheba hakugusa plau.

Trekta ilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeitaja wakati ule. Iliingia asubuhi kupitia lango la boma, ikaanza na shamba la mke mkubwa kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, ikateremka hadi kwa mke mdogo, ikamalizia kwa wana. Jua likifika utosini, boma zima limelimwa, na jioni hiyo au kesho yake kila mtu amepanda. Katika boma la Wajaluo jambo hilo si dogo. Mke mkubwa, ambaye huitwa mikayi, ndiye hutia mbegu ardhini kwanza. Anayefuata ni mke mdogo, kisha wana kwa umri wao. Anayeruka zamu hujiletea chira, balaa linalosemwa kwamba humla mtu polepole na halina dawa hospitalini. Trekta iliufuata utaratibu huo bila kuujua, na watu wakaacha kuuzungumzia.

Bathsheba alikuwa mikayi. Pia alikuwa ameokoka. Wesley alipofariki, alisimama kanisani akasema mbegu ni za Mungu na mvua ni ya Mungu, na yeye hatakuwa lango la kumfungia mtu yeyote. Alirudi nyumbani akamwita mke mwenzake, Caren, mwanamke aliyetoka upande wa Kadem, karibu na Macalder.

"Nyar Kadem," alimwambia, yaani binti wa Kadem, "mwaka huu panda siku unayotaka. Usiningoje."

Caren alitii. Msimu huo Bathsheba alikuwa Homa Bay kwenye mkutano wa kanisa mvua ilipoanza, na Caren akapanda kabla yake. Mahindi yalikuwa hayajatoa ua wakati binti wa Caren wa miaka sita, Adero, alipofariki. Kadi ya kliniki iliandikwa malaria.

Caren hakumlaumu mtu. Ila tangu mwaka huo alingoja mpaka aone mbegu imeingia katika shamba la Bathsheba, ndipo apande. Kwa kuwa trekta ililima boma lote kwa siku moja, kungoja kwake hakukuonekana. Wanawake hao wawili walichoteana maji, walipikiana misibani, walilea watoto wa Wesley pamoja. Jina la Adero halikutajwa kati yao.

Kisha dizeli ikaadimika. Iliyopatikana iliuzwa kwa vibuyu vya plastiki, kwa bei ambayo hakuna shamba la mahindi lingeweza kuirudisha. Faruk, mfanyabiashara wa Magunga aliyekuwa na trekta mbili za kukodisha, aliziegesha nyuma ya duka lake la vipuri.

"Mama, hiyo sasa ni kitanda cha kuku," alimwambia Bathsheba alipokwenda kuuliza. "Ukitaka mayai, karibu. Ukitaka kulima, sina."

Wiki hiyo nyumba kumi na moja zilikutana na kukubaliana kufufua saga, desturi ya zamani ya kulimiana kwa zamu. Walichanga, wakawapeleka Bathsheba na mwanawe Ken kwenye mnada wa ng'ombe upande wa Kuria. Huko mchuuzi mmoja, Matiko Werema, aliwaonyesha maksai wanne wenye mabega kama milango. Bathsheba aliwapita akaenda kusimama mbele ya wengine, wafupi, wenye nundu ndogo.

"Mama, nakuonyesha lori, wewe unachagua baiskeli?" Matiko alisema.

"Lori linataka dizeli. Kwetu kuna mbung'o wanaotoka kwenye mbuga. Hao wakubwa wako watalala chini kabla mvua haijaisha."

"Nyinyi Wajaluo mnajua samaki. Mambo ya ng'ombe mwachieni Mkuria."

"Samaki wangu amekataa nira, baba. Ndiyo maana niko hapa."

Matiko alicheka, akawaongezea kamba ya ngozi bila malipo. Alisema hajawahi kumuuzia mwanamke ng'ombe wa kulima, na angependa kujua wataishia wapi.

Bathsheba aliwafundisha kwa majuma kadhaa. Kwanza aliwavisha nira tupu na kuwaacha wale majani wakiwa nayo, mpaka walipoacha kuishangaa. Kisha wakavuta gogo, na mwisho plau. Mweusi alimwita Rateng', na wa kahawia Silwal. Jozi ya pili aliiachia Ken aipe majina. Hakuwachapa. Alizungumza nao kwa sauti ile ile ya chini, na aliyekosea alirudishwa mwanzo wa mstari. Ken, aliyekuwa na miaka thelathini na tisa na aliyewahi kuwa utingo wa trekta, alirudishwa mwanzo wa mstari mara nyingi kuliko Silwal.

Kabla ya mvua, nyumba kumi na moja zilikutana tena kupanga zamu. Trekta haikuwahi kuhitaji mkutano kama huo. Jozi mbili za maksai haziwezi kumaliza mteremko kwa siku moja, wala kwa wiki moja. Lazima awepo wa kwanza, na lazima awepo wa mwisho. Watu walitazamana. Bathsheba, ambaye kila mmoja alijua kwamba angeweza kudai zamu ya kwanza na kupewa, alieleza mpango wake. Chini bondeni udongo ni mweusi, wa mfinyanzi. Ukilowa sana maksai huzama hadi magotini. Huko kulimwe kwanza. Juu ya mteremko udongo ni mwekundu wenye mawe, unaweza kungoja. Shamba lake lilikuwa juu kabisa. Alijiweka wa mwisho.

Walimpigia makofi. Mpango ulikuwa sahihi kwa udongo, na ulikuwa wa haki, kwa kuwa mwenye ujuzi hakujipendelea. Hakuna aliyesema kwamba shamba la Caren na shamba la Ken yako chini, kwenye udongo mweusi. Kila mmoja mkutanoni aliliona jambo hilo isipokuwa Bathsheba, ambaye kwa miaka kumi na minne, tangu Adero afariki, alikuwa amejizoeza kutoliona.

Mvua ilinyesha. Maksai walilima bondeni, na karibu kila aliyelimiwa alipanda kesho yake. Shamba la Caren lililimwa siku ya pili, na la Ken siku ya tatu. Wiki iliyofuata Bathsheba, akipita na Rateng' na Silwal kuelekea kwa jirani, aliona matuta ya Caren yameanza kuota nyasi. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa mahindi. Kwa Ken palikuwa vivyo hivyo.

"Wewe mbona hujapanda?" alimuuliza mwanawe.

"Mbegu haijafika, Mama."

"Haijafika kutoka wapi? Si iko chini ya kitanda chako?"

Ken aliinama akarekebisha mnyororo wa plau ambao haukuwa na tatizo. Mke wake, Dorine, aliyekuwa karibu akipanga miche ya mboga, aliingia ndani ya nyumba.

Bathsheba alimkabidhi Ken maksai, akaenda kwa Caren. Alimkuta mlangoni akichambua maharagwe.

"Nyar Kadem, shamba linaota nyasi."

"Nimeona, Mikayi."

"Mbegu unayo?"

"Iko."

"Siku nne zaidi na huo udongo hauingiliki. Watoto watakula nini? Unangoja nini?"

"Namngoja mwenye zamu ya mwisho."

Bathsheba alisimama bila kukaa. "Mimi nilikuambia tangu zamani. Sikuzuii."

"Uliniambia," Caren alisema. "Na mimi nilikusikia. Nilikusikia mara moja, Mikayi."

Aliendelea kuchambua. Punje mbovu alizitupia kuku.

"Adero alikufa kwa malaria," Bathsheba alisema.

Mikono ya Caren ilisimama. "Najua. Ni mimi niliyembeba hadi kliniki. Mtu akiniuliza, ninamwambia ni malaria." Alinyanyua macho. "Lakini bado nina watatu."

Zamu ingeweza kubadilishwa. Ken alipendekeza hivyo jioni hiyo, maksai wapande juu siku moja kisha warudi. Bathsheba alikataa. Nyumba tatu za bondeni zilikuwa bado hazijalimiwa, na akijipa siku yeye aliyejiweka mwisho, kesho kila mtu angekuwa na sababu yake, na saga ingekufa kabla ya palizi. Lilibaki jembe la mkono. Wanaomfahamu wanasema jembe halikuwa tatizo. Alikuwa amesimama mbele ya kanisa akasema hatakuwa lango la mtu. Kuingia shambani sasa, machoni pa wote, kulikuwa kama kukiri kwamba lango lilikuwepo, na kwamba yeye ndiye aliyemwambia Caren aliruke.

Asubuhi kulipokucha alitoka na jembe na kibakuli cha mbegu. Alichagua sehemu ya shamba lake inayoonekana kutoka nyumba zote za boma. Kwa kuwa goti halikumruhusu kuinama kwa muda mrefu, alikaa chini na kulima akiwa amekaa, akijisogeza kwa makalio, jembe likigonga mawe. Dorine alikuja mbio kumsaidia.

"Rudi," Bathsheba alimwambia. "Hii si kazi ya mkwe."

Alilima mistari mitatu mifupi. Alitia mbegu, akafunika kwa kiganja. Kisha akaegemea jembe, akasimama, akaita kwa sauti iliyofika bondeni:

"Nyar Kadem! Mikayi amepanda!"

Caren alitoka nyumbani kwake na mbegu tayari amezifunga kiunoni. Aliingia shambani mwake, akaanza kupanda. Alipofika katikati, mbegu ya Ken nayo ilikuwa imefika.

Jumapili, mmoja wa akina mama alimuuliza Bathsheba kanisani kama ni kweli amerudia mila. "Nimepanda mahindi," alijibu. Mwezi huo aliacha uongozi wa akina mama, bila kuombwa.

Shamba la Caren lilizaa vizuri. La Bathsheba, lililolimwa mwisho, lilikosa mvua ya kumalizia na likatoa mahindi vibogoyo, yenye mapengo ya punje. Mistari mitatu ya jembe ilitangulia yote kukomaa, mabua yake mafupi, mawili matatu kwa kila hatua. Mavuno nayo yana utaratibu wake: mikayi huonja kwanza. Bathsheba alivunja hindi moja, akalichoma nje, mahali pa wazi, akala nusu yake akiwa amesimama. Nusu nyingine aliipeleka kwa Caren.

Caren alitafuna taratibu. "Gumu," alisema.

"Ni la jembe. Kula."

Alikula mpaka kigunzi kikabaki kitupu, akakitupia kuku, akageuka kuwaita watoto waje na vikapu shambani. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, watatu.