Karoti Ndani ya Mashine ya Kagendo

Ngendo wa mtaa wa Skuta, Nyeri, hajui kutulia. Anauza karoti soko la Karatina, na majirani husema hata kanisani hupiga magoti kabla ya wengine ili awahi kuinuka. Lakini wiki hiyo alizidi. Nyumba ilikuwa inanuka, na Kagendo, mke wa mwanawe, mimba ikiwa imekomaa, alikuwa ameanza kukunja nguo ili akajifungulie kwao Meru.

"Hii harufu siwezani nayo, Mama," alisema kwa upole.

Ngendo aliumia. Mwanawe Mwai alikuwa kazini mbali, Garissa, na huyu angekuwa mjukuu wake wa kwanza. Akiwa msichana angeitwa Ngendo, kama desturi inavyotaka. Sasa azaliwe mbali, eti kwa sababu ya bomba?

Kwani harufu ilitoka bombani, pale mashine ya kufulia ya Kagendo ilipomwagia maji machafu. Ngendo alimimina siki, akamimina chumvi, akamimina maji moto. Aliinama kunusa, akatoka nje, akarudi kunusa tena. La kuvunda halina ubani. Jioni uvundo ulikuwa pale pale, sasa umeongezewa siki.

Ubaya ni kwamba chanzo alikijua. Karoti safi hununuliwa haraka sokoni, na kuzisugua kwa mkono kwenye baridi ya Nyeri kulimuumiza vidole. Kwa hivyo kila Kagendo alipokwenda kliniki, yeye alijaza karoti mashineni, akabonyeza kitufe cha nguo laini. Zilitoka zikimeta. Udongo na majani aliliachia bomba.

Mwishowe akamwita fundi Kingori, akawa anamzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kingori alichomoa mpira wa maji machafu, na tope jeusi likamwagika ndani ya beseni, limejaa vipande vya karoti vilivyooza.

"Hii ni nguo ya nani?" aliuliza.

Mficha uchi hazai. "Ni mimi," Ngendo alisema, macho sakafuni, aibu imemjaa. "Nimekuwa nikioshea karoti hapo."

Kagendo hakushtuka. "Najua, Mama. Niliona majani kwa soksi ya Mwai."

Kingori aliosha mpira, akasafisha kichujio, akauinua mpira usizame ndani ya bomba. Kisha akafungia bombani kipande kilichopinda, kinachobaki na maji ndani, ili uvundo wa shimoni usipande. Akaagiza mlango wa mashine uachwe wazi ndani pakauke, akaenda zake. Nyumba ikanukia sabuni tu, na Kagendo akaendelea kukunja nguo.

"Si harufu imeisha?" Ngendo aliuliza.

"Imeisha. Lakini si harufu pekee, Mama. Ukitoka soko unasugua, ukimaliza kusugua unafunga magunia. Hata ukiwa hapa niko peke yangu. Nikishikwa na uchungu nitaita nani?"

Ngendo alitaka kusema kwamba simu yake haizimwi. Akakumbuka kuwa akiwa sokoni huwa haisikii. Moyo ulimuuma, kwa sababu Kagendo hakuwa amekosea. Gunia la karoti lilimngoja mlangoni, na miguu ilimwasha kulifuata. Akavuta kiti, akaketi. Mikono ilikosa kazi, akaikalia. Kagendo alimtazama, kisha akaacha kukunja.